Bendi mnazo huko kwenu?

Ndugu zangu, Jumamosi nimetoa karibu dola 40 kuingia makumbusho ya muziki, na hadi leo zinaniuma. Rock and Roll Hall of Fame iko hapa Cleveland, jengo la vioo mfano wa piramidi kando ya Ziwa Erie, alilolichora msanifu I. M. Pei likafunguliwa 1995. Mkazi wa jiji la Cleveland anaingia bure. Mimi nakaa Lakewood, mji wa pua na mdomo, basi moja tu, kwa hiyo nalipa kama mtalii. Dola 40! Pigeni hesabu wenyewe ni viingilio vingapi vya dansi.

Kilichonipeleka ni ubishi wa kazini. Napanga mizigo ghalani, zamu ya usiku, na kila mwaka majina ya wanamuziki wanaopendekezwa kuingizwa humo kwa heshima yakitoka, chumba cha mapumziko hakikaliki. Sharti ni miaka 25 ipite tangu rekodi ya kwanza ya msanii. Hapo tena kila mtu na bendi yake. Mmoja bado ana kinyongo kwamba Iron Maiden walipendekezwa 2021 wakaachwa. Mwingine hajasamehe KISS kusubirishwa hadi 2014. Watu wenye wajukuu wanagonga meza! Na mwaka huohuo wa 2021 Fela Kuti, yule Mnigeria, alishika nafasi ya pili kwenye kura za mashabiki, nyuma ya Tina Turner. Tina akaingia, Fela akabaki nje, kwa sababu kura zote za mashabiki huhesabiwa kama karatasi moja tu kati ya karatasi zaidi ya 1,000 za wapiga kura wao. Mimi siku zote hukaa kimya na chai yangu.

Juzi msimamizi wetu akanigeukia mbele ya watu: “Na nyie Afrika bendi mnazo, au ngoma tu?” Wakacheka. Nikamwambia Queen mnaowaabudu, walioingia humo 2001, mwimbaji wao Freddie Mercury kazaliwa Unguja mwaka 1946. Akatafuta kwenye simu, akanyamaza. Nikaona nisiishie hapo. Nikawapa Msondo, iliyoanza 1964 kama NUTA Jazz. Nikawapa Mlimani Park, Sikinde yenyewe, ya 1978, na Michael Enoch na zile saksafoni. Nikawaeleza jinsi Dar es Salaam nzima ilivyogawanyika, huyu Msondo, huyu Sikinde, na baba yangu alivyoacha kusalimiana na jirani kwa sababu mwimbaji Gurumo kahama bendi. Msimamizi akaniuliza, “Sasa hizo bendi nitaziona wapi?”

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana nilikwenda kutoa hizo dola. Nikaona magitaa nyuma ya vioo, nguo za jukwaani, karatasi za mashairi yaliyoandikwa kwa mkono, kila kimoja na jina na mwaka wake. Nilisimama pale kwa uchungu. Daftari la Muhidin Gurumo liko wapi? Mtu kaimba zaidi ya miaka 50, na alipostaafu 2013 ni Diamond Platnumz aliyempa gari. Wanamuziki wetu walikuwa waajiriwa, NUTA chini ya chama cha wafanyakazi, Sikinde chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, mshahara wa mwezi basi. Nyimbo zikarekodiwa Radio Tanzania. Zile tepu ndiyo hazina yetu, na mpaka leo mtoto wa shule hana mlango wa kuingilia akaziona na kuzisikiliza. Sisi si maskini wa muziki, jamani. Tulichokosa ni nyumba ya kuutunzia.

Wewe unayejiandaa kuja huku, usiuze kiwanja kwa ajili ya viza. Viatu vya theluji nunua kabla ya Novemba, ovataimu ya Desemba usiikatae. Na kabla hujapanda ndege kaa na wazee wako, uwarekodi. Huku utaulizwa wewe ni nani usiku wa manane, umechoka, na hutakuwa na pa kusomea jibu.

Kuna mzee mmoja pale kazini, mzaliwa wa hapahapa, hajawahi kunisemesha zaidi ya salamu. Siku ile ya kicheko alikuja baadaye na kipande cha boksi na kalamu, akaniomba nimwandikie majina ya bendi. Nikaandika: Sikinde, Msondo, Morogoro Jazz, Vijana Jazz, Simba Wanyika. Usiku uliofuata akanikuta mlangoni. Kasikiliza zote! Akaweka simu sikioni kwangu, wimbo wa Sikinde, akauliza kwa heshima kabisa: “Huyu anayepiga gitaa la solo hapa, anaitwa nani?”

Nikamwambia nitauliza. Asubuhi, kabla sijavua hata buti, nikampigia mjomba Temeke nikamchezea ule wimbo. Hakusubiri hata waanze kuimba. Akataja mpiga solo, akataja wa rithimu, wa besi, nani alipuliza tarumbeta, na nani siku hiyo alikuwa mgonjwa. Niliandika kurasa mbili, bando lake likakata. Nimeshamwekea la wiki nzima.