P0171, mlima wa Limuru na pampu ambayo sikuinunua

Kompyuta ya pikapu yangu ilikuwa imehifadhi msimbo mmoja tu, P0171, lakini majibu niliyopewa yalikuwa mengi. Fundi wa kwanza alisema ni sensa ya oksijeni. Wa pili akasema injekta zimeziba. Wa tatu, kijana wa pale Kirinyaga Road ambaye hata boneti hakufungua, aliniambia, "Madam, hiyo ni pampu ya mafuta imekufa. Acha deposti nikutafutie moja safi." Yeyote kati yao angeweza kuwa amepatia, kwa sababu msimbo huo hautaji kifaa kilichoharibika. Unaeleza tu kwamba hewa inayoingia kwenye injini imezidi mafuta.

Petroli huungua vizuri hewa ikiwa mara 14.7 ya mafuta kwa uzito. Sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi hupima mabaki baada ya moto, na ikikuta oksijeni imezidi, kompyuta huziacha injekta wazi muda mrefu kidogo. Huendelea kuongeza hivyo kimyakimya, hata kwa wiki kadhaa, mpaka ifike kikomo ilichopangiwa ndipo iwashe taa ya onyo ya injini. Kwa hiyo taa ikiwaka, ujue ugonjwa ulishaanza zamani.

Gari lenyewe ni pikapu ya Kijapani, injini ya petroli ya lita 2.7, silinda nne. Linabeba simiti, mabomba na misumari kutoka Industrial Area ya Nairobi hadi kwa wateja wangu wa upande wa Limuru. Mjini halikuwa na neno. Linawaka mara moja, linatulia kwenye jamu, halili mafuta kupita kiasi. Shida ilianza likishapita Uthiru na mzigo mgongoni. Dereva akikanyaga, gari linasita, linashtukashtuka, na kufika pale Zambezi, njiani kwenda Limuru, yuko gia ya pili huku matatu zikimpigia honi. Likirudi tupu kwa mteremko, ungedhani limetoka bandarini jana.

Kwa sababu lilikuwa likisumbua mlimani, wengi walilaumu mlima. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na Limuru ni zaidi ya mita 2,000, na ni kweli hewa ya juu ni nyepesi. Lakini injini hii ina sensa inayopima uzito wa hewa inayoingia, si ujazo wake. Hewa ikipungua, kompyuta inapunguza na mafuta. Nguvu itapungua kidogo, sawa, ila uwiano haupotei. Wengine walisema nimeuziwa petroli iliyotiwa mafuta taa. Mchezo huo tunaujua, na ndio maana mwaka 2018 serikali ilitoza mafuta taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili wachanganyaji wakose faida. Nilibadilisha kituo cha mafuta, dalili zikabaki zilezile.

Nilinunua kisomaji kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, kinachotuma takwimu kwenye simu kwa Bluetooth. Watu wengi wakishakuwa nacho husoma msimbo, wanaufuta, wanashukuru Mungu. Faida yake kubwa iko kwenye namba mbili ambazo programu huziandika STFT na LTFT. Hizo ni asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, ya kwanza kwa papo hapo, ya pili kwa mazoea. Zikijumlishwa zikawa kati ya kutoa 10 na kujumlisha 10, hakuna wa kulalamika.

Unazisoma mahali pawili. Kwanza gari likiwa limesimama, injini inanguruma polepole. Kama kuna hewa inayojipenyeza, tuseme mpira uliopasuka au gasketi ya manifoldi iliyochoka, namba zitakuwa juu hapo, kisha zitashuka ukikanyaga. Tundu ni lilelile, lakini injini sasa inavuta hewa nyingi kiasi kwamba ile ya wizi haionekani. Kama ni mafuta yasiyofika ya kutosha, mambo yanageuka: likisimama namba ni nzuri, likibebeshwa kazi zinapanda. Gari langu likiwa limesimama lilisoma jumla ya 4. Nikakaa kando ya dereva na simu mkononi, simiti nyuma, tukapanda. Kinoo namba ilikuwa 17. Kabla ya Rironi ilikuwa 28.

Tundu la hewa likawa limeondoka kwenye orodha. Lakini bado kulikuwa na mshukiwa mwingine mwenye tabia hiyohiyo. Sensa ya hewa ikiwa chafu huhesabu hewa pungufu, hasa inapopita kwa wingi, na kompyuta hutoa mafuta kwa hesabu hiyo mbovu. Niliifungua, nikaipulizia dawa yake maalum (si ile ya kabureta, na usiiguse kwa kitambaa hata kama kidole kinawasha), nikaiacha ikauke. Safari iliyofuata namba zilipanda vilevile. Sensa nayo nikaitoa kwenye orodha.

Hapo sasa nikataka presha ya mafuta. Kitabu cha injini hii kinataka kPa 281 hadi 287, yaani kama psi 41, na ukizima gari isishuke chini ya kPa 147 kwa dakika tano. Injini haina mdomo wa kuchomekea geji, kwa hiyo fundi wangu wa mtaani alilazimika kuingiza kiungo cha njia tatu kati ya mpira wa mafuta na reli ya injekta. Alianza kwa kuchomoa rilei ya pampu (swichi inayoipelekea umeme) na kuiacha injini ingurume mpaka izime yenyewe, ili mpira usimrukie petroli usoni. Kizima moto kilikuwa pembeni. Nawaambia wanaofanya haya wenyewe: msifungue mpira huo injini ikiwa moto.

Pale gereji geji ilisoma 41. Akakanyaga, ikabaki 40. Akazima, tukanywa chai, tulipoangalia tena bado ilikuwa zaidi ya 30. Fundi akafuta mikono. "Madam, presha iko sawa. Turudi kwa injekta."

Nilimwomba tusiitoe geji kwanza. Ploti yoyote ya Nairobi ina mfereji unaotoa maji vizuri saa nane mchana, lakini saa kumi na mbili asubuhi wapangaji wote wakifungua, wa juu hapati tone. Pampu ya mafuta ni hivyohivyo. Gari likisimama injini inaomba kidogo sana, hata pampu iliyochoka itaimudu. Ndiyo maana kipimo cha gereji kilisifia kitu kibovu. Tukapitisha mpira mrefu wa geji nje ya boneti, tukaifunga chini ya waipa ikituangalia kupitia kioo. Ndani ya kabini haingii kamwe. Mpira ukipasuka mmekaa na petroli mapajani.

Uthiru, 38. Kinoo, 33. Gari lilipoanza kusita geji ilikuwa 27, na simu yangu ilisoma 29. Namba mbili za vyombo viwili tofauti zikisimulia hadithi moja, mjadala umekwisha. Mafuta yalikuwa hayafiki.

Yule kijana wa Kirinyaga Road angefurahi. Fundi wangu pia alikuwa tayari ameshika simu kuulizia bei. Lakini pampu ni mota ya umeme, na mota ikipewa umeme pungufu huzunguka polepole hata kama ni mpya kwenye boksi. Na mjini hapa pampu feki ni nyingi, kwa hiyo sikutaka kutoa ile ya asili kabla ya kujua kosa lake. Nikauliza kama ana multimita.

Betri, injini ikiwa inanguruma, ilisoma volti 14.1. Kwenye kiunganishi cha waya za pampu, kile kilicho kwenye chesi karibu na tenki, tulipata 11.4. Karibu volti tatu zilikuwa zinapotelea njiani. Kutoka chanya ya betri hadi waya wa kupeleka umeme zilipotea 0.3 tu. Kutoka hasi ya betri hadi waya wa athi wa pampu, ule unaorudisha umeme kupitia chesi, 2.4.

Fundi hakuamini, kwa sababu alikuwa ameujaribu waya huo kwa ule mlio wa multimita ukalia. Kipimo hicho kimewapoteza mafundi wengi. Multimita inatuma mkondo mdogo mno; hata unyuzi mmoja uliobaki utaufanya ulie. Waya hupimwa ukiwa kazini, pampu inazunguka, mkondo wake wote unapita. Hapo ndipo sehemu mbovu hujitaja.

Tukaufuata waya hadi bolti iliyoushikilia kwenye chesi upande wa nyuma. Miezi kadhaa nyuma pikapu ilikuwa imenyooshwa mkia baada ya kugongwa, ikapigwa rangi. Aliyepiga rangi alipaka chesi vizuri kabisa, inang'aa, kisha akafunga bolti ya athi juu ya rangi hiyo. Umeme wote wa pampu ulikuwa unapita kwenye meno ya bolti tu. Sandpepa, terminali mpya, grisi kidogo juu kuzuia kutu. Volti kwenye pampu zikawa 13.7.

Ningependa kuandika kwamba tulimaliza hapo. Tulipopanda tena gari lilikuwa na nguvu, dereva alifika Zambezi na gia ya tatu, lakini geji ilishuka hadi 36 na simu ikaonyesha 13. Nusu ya ugonjwa ilikuwa imebaki. Vijana wanne walifungua bolti za kasha la nyuma, wakalegeza mpira wa mdomo wa tenki, wakachomoa waya za taa na kulinyanyua kando. Kwa pikapu hii ni rahisi kuliko kushusha tenki. Chujio dogo lililo mdomoni mwa pampu lilikuwa limegeuka rangi ya kahawa, limeshikana na matope laini. Tulibadilisha chujio, tukasafisha sakafu ya tenki, pampu yenyewe ikarudi ilipotoka.

Sasa gari likipanda na mifuko ya simiti geji inasoma 40, na jumla ya marekebisho haipiti 6. Msimbo tuliufuta baada ya kupima. Ukiufuta mapema, kompyuta inasahau mazoea yake na unapoteza ushahidi.

Jirani yangu wa hapo Kangemi ana gari la V6, injini yenye pande mbili za silinda, na lake lilileta P0171 pamoja na P0174, yaani lawama ileile kwa upande wa pili. Misimbo hiyo ikija pamoja, lawama hutafutwa kwenye kitu ambacho pande zote mbili zinategemea. Aliposikia habari zangu alitaka kukimbilia athi ya pampu. Nilimwambia asome namba kwanza: likisimama zilikuwa 22 na 23, akikanyaga zinashuka hadi 5. Ulikuwa mpira mkubwa wa hewa baada ya sensa ya hewa, umepasuka upande wa chini ambako macho hayafiki.