Kifusi cha nyumba ya bibi kilivyorudi ukutani

Masika ya mwaka juzi ukuta wa juu wa nyumba ya bibi tunamoishi, mtaa wa Mkomani mjini Lamu, uliporomoka usiku, ukashuka na dari ya msana (ukumbi mrefu mwembamba), choo na ngazi. Alhamdulillahi hapakuwa na mtu. Mkandarasi aliyekuja asubuhi alisema kifusi chote kitolewe, tujenge upya kwa matofali na saruji. Lamu vichochoro havipitishi lori, mizigo ni ya punda. Nikapiga hesabu ya safari za kutupa na za kuleta, nikaona mshahara wa ualimu haufiki hata nusu.

Wiki hiyo wanafunzi wa usanifu majengo wa chuo kikuu kimoja walikuwa mtaani na mhadhiri wao wakipima nyumba. Tangu mji wetu uingie katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001 tumezoea wapimaji. Hupima, wakaenda zao, mchoro hatuuoni. Nikawaambia: yangu mtapima, lakini mnisaidie na kifusi kile, na michoro mniachie. Mhadhiri alikubali papo hapo. Alisema uchumi mzunguko, yaani kutumia tena vifaa badala ya kuvitupa, wanausoma darasani, na hapa umelala chini unawasubiri.

Tulichambua siku nne. Mawe mazima huku, vipande kule, plasta ya kale ya chokaa peke yake. Boriti, miti ya mkoko inayobeba dari, zilikuwa 38, kila moja ikaandikwa namba kwa rangi. Hapo fundi wetu, mzee aliyerithi kazi kwa babake, akachukua nyundo akaanza kuzigonga, katikati kwanza, kisha nchani. Nzima hulia kavu. Iliyooza hunyamaza. "Ndoo usikie," yaani njoo, alimwambia binti mmoja, naye akapiga magoti akaweka sikio kwenye mti.

Nyingi zilikuwa nzima isipokuwa ncha zilizoingia ukutani, na sababu ilinichoma moyo. Miaka ya nyuma sisi wenyewe tuliupiga ukuta ule saruji kwa nje. Jiwe la matumbawe hunywa maji ya mvua kisha likayatoa. Saruji iliyafungia ndani, ncha za boriti zikakaa majini miaka yote hiyo.

Wanafunzi walitaka zote 38 zirudi. Fundi akakataa sita. "Mwanangu, hii imeliwa na mdudu. Nimlaze mamako juu yake?" Hakuna aliyebishana tena, na hizo sita zikawa kuni. Zilizobaki zilikatwa ncha. Zilizopungua kidogo zikarudi msanani, fupi zikapangwa juu ya choo na ngazi, mahali pembamba. Nyumba za Lamu vyumba vilifuata urefu wa boriti tangu hapo, kwa hiyo mchoro wao haukulazimisha kitu. Tulinunua mpya tisa tu. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kwetu Lamu, na najua kila boriti ninayoagiza ni mkoko ulioangushwa.

Chokaa ndiyo iliyotuchosha. Plasta ya kale tuliitwanga, tukaichekecha, ikatumika badala ya sehemu ya mchanga. Yenyewe haishiki tena, lazima ichanganywe na chokaa mpya. Mawe nayo wanafunzi walishikilia yaoshwe kwa maji ya mvua mara tatu, chumvi itoke, la sivyo ingebambua plasta mpya. Halafu chokaa hupakwa nyembamba, ikanyunyizwa maji, ikangojwa, ndipo ipakwe nyingine. Mama alikaa kwa dada yake miezi saba, na kila Ijumaa akauliza, "Bado tu?"

Pesa tulizookoa kwenye vifaa ziliishia kwa fundi na vijana wake wanne. Sijutii hata shilingi, maana wawili kati yao sasa wanaijua chokaa. Vyuo vikitaka kusaidia miji kama huu wetu, vije wakati nyumba imeanguka, na vikae na fundi mpaka plasta ikauke.

Michoro waliniachia kweli. Nakala moja anayo fundi, ameikunja ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na daftari la namba za boriti.

Mawe yalibaki 60 hivi. Mama hakutaka yauzwe. Punda alifanya safari tatu mpaka mtaa wa Langoni, kwa jirani ambaye ukuta wa birika lake la kuwekea maji ulikuwa umeanza kuinama.