Nilivyojifunza kuwatambua njiwa wa mapambo

Mwaka wangu wa kwanza wa kufuga njiwa hapa Ngamiani, Tanga, nilinunua jozi ya weupe kwa bei ya fanteli. Fanteli ni yule njiwa anayetandaza mkia kama tausi, kifua kikiwa mbele na kichwa kimelala nyuma hadi kinaugusa mkia. Muuzaji aliniambia hawa bado makinda, mikia itafunguka wakikua. Nikangoja miezi mitano. Wakapandana, wakataga mayai mawili, wakaatamia siku 18 wakatotoa, na mikia yao ilikuwa vilevile kama ya njiwa wa kwenye paa la msikiti. Iliniuma sana. Pesa ile niliidunduliza kidogo kidogo.

Nikamchukua dume nikampeleka kwa mzee mmoja, mtaa wa pili kutoka kwetu, aliyefuga njiwa tangu ujana wake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hebu nimwone huyo."

Weupe wake hakuujali hata kidogo. Alimshika miguu katikati ya vidole, kifua kikakaa kiganjani, akaufungua mkia taratibu akaanza kuhesabu. Kumi na mbili. "Huyu njiwa wa kawaida, kazaliwa mweupe tu," akasema. Kisha akapuliza manyoya ya kiunoni, pale mkia unapoanzia, akanionyesha kitezi kidogo. Njiwa huchukua mafuta hapo kwa mdomo akajipaka manyoya. Fanteli aliye safi hana tezi hiyo, au imedumaa kabisa, na mkia wake huwa na manyoya 30 hadi 40. Tena hakuna haja ya kungoja akue: manyoya ya mkia yakianza tu kuchomoza kwenye kinda, msururu wake unaonekana mpana. Kama ningelijua hilo ningehesabu palepale kwa muuzaji.

Tangu siku hiyo rangi naitazama mwisho. Weupe, weusi, wekundu na madoa hupatikana karibu katika kila aina, kwa hiyo rangi peke yake haikwambii kitu. Wa kumwangalia kwa rangi ni lahori, aliyepewa jina la mji wa Lahore, Pakistan, na hata yeye cha kuangalia ni mpangilio: rangi huanzia mdomoni, ikapita utosini, ikashuka mgongoni na mabawani, halafu tumbo na mkia vikabaki vyeupe.

Wengine nawajua kwa umbo. Jakobini ana manyoya ya shingo yaliyogeuka juu yakamzunguka kichwa kama kofia, ukimtazama ubavuni huenda usione jicho. Modena, wa Italia, ni mfupi wa mwili, mnene, kainua mkia; kwa mbali utadhani mtetea mdogo. Kingi wa Marekani naye huinua mkia na wengi wao ni weupe, ndiyo maana watu humchanganya na fanteli, lakini mkia wake haukutandazwa na uzito wake hauna mfano. Njiwa wa kawaida hucheza kwenye gramu 350 hivi. Kingi hukaribia kilo. Mizani ya dukani ilinisaidia kuliko picha za simu.

Aliyenisumbua zaidi ni pauta, anayejaza gole upepo likavimba kama puto. Dume lolote linalobembeleza jike huvimbisha shingo, kwa hiyo mara mbili nilikosea. Sasa nakaa bandani jioni, nangoja dume atulie. Pauta hata akiacha kuimba husimama wima, miguu mirefu, na gole bado lina umbo.

Shungi nalo lilinifundisha. Jozi yangu moja, vichwa laini wote wawili, ilitoa kinda mwenye shungi kisogoni. Nikashuku dume la jirani. Babu akanieleza kwamba shungi hujificha: baba na mama wanaweza kulibeba bila kulionyesha, likatokea kwa mtoto aliyelipata kwa wote wawili. Hapo nikaacha kulihesabu shungi kuwa ushahidi wa aina. Baadaye nilisoma kwamba Charles Darwin, Mwingereza aliyeanza kufuga njiwa mwaka 1855, alikata shauri kwamba aina zote hizi zimetokana na njiwa mmoja wa mwituni, njiwa wa miamba. Nilifurahi mno, maana ndicho nilichokuwa nakiona bandani: ukiwachanganya ovyo, wajukuu huanza kurudi kwenye mkia wa 12 na rangi ya kijivu yenye mistari miwili myeusi bawani.

Wiki iliyopita kijana wa Makorora aliniletea njiwa mweupe kwenye boksi, kauziwa kuwa fanteli. Nikamshika kama babu alivyonishikia, nikahesabu: 17. Nikapuliza kiunoni, tezi ipo. Nikamwambia ni mchanganyiko, mzazi mmoja huenda alikuwa fanteli, na akimpandisha na fanteli safi atapata makinda wenye mikia mipana zaidi. Akaniomba nimfundishe kumshika. Alihesabu mara tatu kabla ya kumrudisha kwenye boksi.