Mayai, sukari ya mama na nyanya za Ngarenanyuki

Mwaka juzi nilitengeneza inkubeta, mashine ya kutotolesha mayai, yangu ya kwanza hapa Arusha, kwenye boksi la friji bovu. Juu nikafunga balbu mbili za wati 60, chini sahani ya maji kwa ajili ya unyevu, nikanunua themostati ya kidijitali mjini, kifaa cha kuwasha na kuzima balbu kufuatana na joto, nikaiweka nyuzi 37.5, alafu nikapanga mayai 60 ya kienyeji niliyoyakusanya Ngaramtoni wiki nzima. Siku ya 21 nikapata vifaranga tisa.

Tisa kati ya sitini jamani inauma, mana nilikuwa nageuza yale mayai kwa mkono asubuhi mchana na jioni, usiku naamka naenda kuchungulia, na kila nikichungulia kale kaskrini kananiambia 37 na kitu, vizuri kabisa. Nikapasua yaliyobaki, mengi kifaranga ameshaumbika kafia ndani. Nikalaumu jogoo, nikalaumu umeme unaokatika. Mpaka siku moja nikachukua kipimajoto cha glasi nikakilaza katikati ya trei, nikakaa na daftari naandika kila baada ya dakika tano. Joto linapanda mpaka 40, linashuka mpaka 35, linapanda tena, hivohivo siku nzima kama bembea.

Themostati yenyewe ilikuwa nzima. Tatizo ni ile sensa yake, kile kidude cha kupimia joto, nilikuwa nimekibandika kwa gundi ukutani nyuma ya trei, mahali ambapo joto linafika kwa kuchelewa. Kwahiyo wakati sensa bado inasema baridi, washa, mayai yameshaiva huku juu, na ikija kustuka kwamba joto limezidi ikazima, inachelewa tena kujua kwamba kumeshapoa. Na ukuta kwa vile unapata joto polepole ndo mana kaskrini kalikuwa kanasoma vizuri siku zote. Kalikuwa kanapima ukuta, mayai hakayajui.

Nilichora ile grafu kwenye daftari, milima na mabonde, nikaiacha hapo.

Miezi miwili baadaye mdogo wangu akanipigia saa tisa usiku kutoka Kibosho. Mama ana kisukari na anachoma insulini. Jioni ile sukari ilikuwa 19, juu sana, mdogo wangu akamchoma dozi yake, baada ya saa moja akapima akakuta 18. Akaogopa. Akaona dawa haijafanya kazi, akamchoma tena. Saa tisa mama amelowa jasho shuka zima, anaongea maneno hayaeleweki, anamwita mdogo wangu kwa jina la marehemu baba, kupima sukari ipo 2.4. Nikamwambia kama anameza mpe maji ya sukari sasa hivi, akampa kidogokidogo huku analia, na baada ya muda mama akaanza kurudi. Sitasahau ule usiku.

Kesho yake nikapanda gari kwenda Moshi, nesi akatueleza: ile insulini yao ya kawaida ikichomwa chini ya ngozi inaanza kama baada ya nusu saa, nguvu yake kubwa inakuja kati ya saa la pili na la nne, na inaweza kuendelea mpaka masaa sita au manane. Mdogo wangu alipopima baada ya saa moja, dawa ya kwanza ndo kwanza ilikuwa inaingia kazini, alafu ya pili ikaja juu yake. Mimi nipo pale kwenye benchi namsikiliza nesi na kichwani naiona grafu yangu ya mayai. Ni ileile. Unapima, unasahihisha, ila kati ya kusahihisha na kuona matokeo kuna kuchelewa, na ukisahihisha kwa nguvu wakati unachelewa kuona, unayumba.

Ndo nikaanza kusoma. Nikakuta kuna watu walishatembea njia hii zamani sana na ina jina, nadharia ya mifumo.

Kuna kisa kimoja hapo ambacho kilinifanya nisimame nitembee chumbani. Wakati wa vita kuu ya pili, Norbert Wiener, mwanahisabati wa Marekani, alikuwa na injinia anaitwa Julian Bigelow wanahangaika na hesabu za mizinga ya kutungulia ndege. Wakagundua kwamba mfumo unaojirekebisha kwa kuangalia kosa lake, ukiurekebisha kwa nguvu kupita kiasi unaanza kuyumba huku na huku bila kutulia. Sasa Wiener akaenda kumuuliza rafiki yake Arturo Rosenblueth, mtaalamu wa mwili wa binadamu kutoka Mexico: je kuna ugonjwa wa binadamu unaofanana na hivi? Akajibiwa ndiyo, upo. Mtu aliyeumia sehemu ya nyuma ya ubongo inayoitwa serebelamu, ukimwambia chukua glasi mezani, mkono unapitiliza, anaurudisha unapitiliza upande wa pili, unayumba hivyo anashindwa kuishika. Mzinga na mgonjwa! Mwaka 1943 wakaandika makala pamoja wote watatu, na mwaka 1948 Wiener akatoa kitabu na kuupa huo ujuzi jina, cybernetics, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani. Na waliowahi kuendesha chombo majini wanajua, ukingoja mpaka chombo kielekee unakotaka ndo uachie usukani, kitakuwa kimeshapitiliza.

Mwingine ni Ludwig von Bertalanffy, mwanabaiolojia aliyezaliwa Austria mwaka 1901. Yeye alisumbuliwa na kwamba fizikia aliyoikuta ilizoea kuongelea mifumo iliyofungwa, wakati kiumbe hai kiko wazi, kila saa kinaingiza na kutoa na bado kinabaki na umbo lake. Nikisoma hapo nawaza kihamba cha mama, lile shamba la nyumbani la Kichaga, majani ya mgomba yanaenda kwa ng'ombe, samadi inarudi kwenye mgomba na kahawa, ndizi zinatoka zinaenda sokoni, maji yanaingia kwa mfongo, yaani mfereji, hakuna kitu kinachokaa palepale lakini kihamba ni kilekile tangu babu. Mwaka 1954 Bertalanffy na wenzake watatu, Boulding mchumi, Gerard mtaalamu wa fiziolojia na Rapoport mwanahisabati, wakaanzisha chama cha kutafuta maumbo yanayojirudia kwenye sayansi tofauti, ili watu wa fani moja wasipoteze miaka wakitafuta kitu ambacho jirani yao wa fani nyingine alishakipata.

Hii imenigusa sana kwasababu nakumbuka shule. Mwalimu wa baiolojia alitufundisha jinsi mwili unavyotunza joto, wiki hiyohiyo mwalimu wa fizikia anatufundisha themostati ya pasi, madaftari mawili tofauti, mitihani miwili tofauti, na hakuna aliyetuambia kwamba ni jambo moja. Mimi naona tulinyimwa kitu kikubwa pale. Kongosho la mtu mzima wa afya, zile chembe zinazotoa insulini ndo hizohizo zinazopima sukari kwenye damu inayopita hapohapo, yaani sensa na balbu viko pamoja, kuchelewa ni kudogo, ndo mana mwenye afya akiamka asubuhi kabla hajala sukari yake inacheza kwenye 4 mpaka 5 na kitu. Ningeelewa hilo nikiwa kidato cha tatu nadhani yale mayai yangepona.

Alafu kuna nyanya. Shemeji yangu analima Ngarenanyuki, na kule kila mtu anaijua hii: nyanya zikiadimika, bei ya tenga pale soko la Kilombero, Arusha mjini, inapaa, kila mwenye kipande cha ardhi na maji anakimbilia kununua miche, miezi mitatu baadaye wanavuna wote kwa pamoja na tenga halina thamani. Msimu mmoja shemeji aliniambia hata hela ya matenga na gari haikurudi, nyingine aliziachia shambani zikaozea pale. Baada ya hapo watu wanaacha, nyanya zinaadimika, bei inapaa. Milima na mabonde. Mwaka 1928 Mjerumani Arthur Hanau alionyesha mzunguko wa namna hii kwenye bei za nguruwe, na mwaka 1934 mchumi Nicholas Kaldor akauita utando wa buibui kwasababu ukiuchora unazunguka kama utando. Mahindi angalau yanakaa ghalani, nyanya inangoja siku chache tu, haina ghala la kupunguza mtikisiko.

Ila niseme jambo, kuna watu wakisikia haya wanarukia kusema kila kitu kimeunganika na kila kitu, na hapo hujaeleza chochote. Bertalanffy mwenyewe alitenganisha kufanana kwa juujuu na kufanana kwa sheria. Mayai, mama na nyanya nimeviweka pamoja kwasababu kila kimoja naweza kukuonyesha nani anapima, anapima wapi, anasahihisha kwa nguvu kiasi gani na anachelewa muda gani. Ukishindwa kunionyesha hivo vinne basi una mfano mzuri wa hadithi tu. Na tofauti zipo: yai halijui kama nalipima, lakini wakulima wakisikia kwamba mwaka huu nyanya zitakuwa nyingi wanabadili mawazo na utabiri wenyewe unaharibika.

Inkubeta nimeshairekebisha, sensa sasa inaning'inia hewani usawa wa mayai, nimeweka feni ndogo ya kompyuta izungushe hewa na balbu za wati ndogo zaidi, joto linacheza 37.2 mpaka 37.8. Trei ya mwisho vifaranga 47. Kibosho kuna karatasi kabatini kwa mwandiko wa mdogo wangu, saa ya kuchoma, saa ya kupima, na chini ameandika kwa wino mwekundu USIONGEZE, PIGA SIMU KWA NESI.

Shemeji nilimchorea ile grafu kwenye mchanga, mwezi wa sita, tumekaa chini ya mti wake. Akaiangalia muda mrefu akasema, kwahiyo mimi bei ya Kilombero ndo ukuta wako wa friji. Wiki iliyofuata hakwenda sokoni kuuliza bei, alizunguka kwenye vitalu na duka la pembejeo akiuliza mwezi huu wameuza miche mingapi na pakiti ngapi za mbegu za nyanya. Ziliuzwa nyingi mno. Amepanda maharage, na majirani wanavuna nyanya mwezi wa tisa.