Kumbukumbu ya mradi: waifai kwenye Linux bila kuzima sekyua buti

Jumamosi usiku. Ubuntu imekaa vizuri pembeni ya Windows, grub inanipa zote mbili nichague, ila waifai hamna, yani hata orodha ya mitandao haitokei. Nikachapa lspci -nnk, kadi ni BCM43142, namba zake 14e4:4365, inataka draiva inaitwa wl ambayo haiji na kerneli (kiini cha Linux), lazima uishushe mwenyewe. Sasa unaishushaje bila waifai? Nikachomeka simu kwa waya wa USB nikawasha tetheringi, intaneti ikapita hapohapo, nikaweka pakeji ya bcmwl-kernel-source, DKMS (programu inayojenga draiva ziendane na kerneli uliyonayo) ikajenga moduli, yani draiva yenyewe, vizuri, katikati nikaombwa nitunge paswedi ya herufi 8 mpaka 16, nikaitunga haraka, nikarebuti nikaenda kufanya mambo mengine.

Kurudi, waifai bado. Nikapiga sudo modprobe wl ili draiva ipakiwe, jibu: "Key was rejected by service".

Jumapili. Ushauri unaokutana nao kila mahali ni zima tu sekyua buti, ile kinga ya mashine inayokataa moduli isiyosainiwa kwa ufunguo inaoutambua. Ukizima draiva itaingia kweli, ila mimi sitaki, kwanza upande wa Windows nina BitLocker inayofunga diski kwa siri na ukichezea sekyua buti inaweza kukudai ile namba ya rikavari ya tarakimu 48, pili hicho ndo kinachozuia moduli ya ajabuajabu isijipenyeze kwenye kerneli yangu, kwa nini nikitoe kwa ajili ya draiva moja?

Nimekaa nayo asubuhi nzima mpaka nikaelewa. Kumbe draiva ilishasainiwa zamani! DKMS ilipoijenga iliisaini kwa ufunguo uliotengenezwa humuhumu kwenye mashine, uko /var/lib/shim-signed/mok (MOK ni ufunguo wa mwenye mashine). Kilichobaki ni mwenye mashine akae mbele ya skrini, kabla grub haijaamka, aukubali ufunguo kwa mkono wake, ndo maana mtu aliyeingia kwa mbali hawezi kukufanyia. Ile paswedi ya jana ilikuwa ya kazi hiyo na mimi sikuwepo.

Nikaanza tena: sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der, paswedi mpya ya herufi ndogo tupu, alama usiweke maana skrini inayokuja inasoma kibodi kwa mpangilio wa Kimarekani na alama zinaweza kuhama. Kabla ya kurebuti pitisha mokutil --list-new uone kama ombi limeshika. Rebuti, halafu usinyanyuke.

Inatokea skrini ya bluu inahesabu sekunde kutoka 10 kushuka, gusa kitufe chochote, zikiisha mashine inaendelea kuwaka kama kawaida na ombi linafutwa. Ukishaingia unachagua Enroll MOK, kisha Continue, kisha Yes, unaandika paswedi (haionekani ukiandika, we andika tu), mwisho Reboot. Hata dakika haiishi.

Ubuntu ilivyowaka mitandao ikajaa yenyewe kabla sijagusa chochote, nikachomoa waya wa simu, nimefurahi mno jamani. Kuhakikisha nikapitisha mokutil --test-key kwa faili lilelile la MOK.der, ikasema ufunguo umeshaandikishwa, na mokutil --sb-state bado inasema sekyua buti imewashwa.

Jumatano. Leo imekuja apdeti ya kerneli na hii ndo niliyokuwa naiogopa. DKMS ikajenga wl upya, ikaisaini kwa ufunguo uleule, nikarebuti, skrini ya bluu haikuja na waifai ikashika. Kwa hiyo kuandikisha ni mara moja tu, labda uje kufuta ufunguo au kurudisha setingi za BIOS kiwandani.

Kilichobaki ni bluetuthi, dmesg inalalamika inakosa faili la fimwea lenye mwisho wa .hcd na jina lake imelitaja kabisa, kesho naanza na hilo.