Makala ya uchomeleaji isomwe na kikokotoo mkononi

Mhariri, mswada wa utafiti wa uchomeleaji ukifika kwenye jarida lako la kitaaluma, usiuanzie kwenye utangulizi. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mbinu, shika kikokotoo, kisha jiulize: fundi wa Kizota, Dodoma, mwenye mashine nzima na mkono mzuri anaweza kuurudia mshono huu kwa kusoma tu kilichoandikwa hapa? Kama atakwama, mswada urudi kwa mwandishi siku hiyohiyo, kabla hujamsumbua mpitiaji yeyote, yaani mtaalamu anayeutathmini mswada kabla haujachapishwa. Wapitiaji wanaoijua kazi hii kwa undani ni wachache, na jarida haliwalipi. Ukimtumia mtu mswada usio na namba, safari ijayo hatajibu barua yako.

Anza na joto linaloingia kwenye mshono. Mwandishi anapaswa kutaja amperi, volti na mwendo wa elektrodi, vyote vikiwa vimepimwa wakati tao la umeme linawaka. Chukua mfano wa E7018, elektrodi ya haidrojeni kidogo, ya milimita 3.2 kwa amperi 120, volti 24 na mwendo wa milimita 150 kwa dakika. Zidisha 24 kwa 120 kwa 60, gawanya kwa 150, kisha kwa 1,000: unapata kilojuli 1.15 kwa milimita. Ukizidisha kwa 0.8, kizidisho cha ufanisi kinachotumiwa kwa uchomeleaji wa elektrodi kwa mkono katika viwango vya Ulaya, unapata 0.92. Namba zote mbili zinakubalika, maana viwango vya Marekani havitumii kizidisho hicho. Kisichokubalika ni kunyamaza juu ya ipi imetumika, halafu kulinganisha matokeo na ya mtu aliyetumia nyingine.

Ukikuta "volti 70", mwandishi amesoma volti za mashine kabla tao halijawaka. Ukikuta "amperi 90 hadi 140", amenakili pakiti ya elektrodi. Na kama amperi zimesomwa kwenye kitasa cha mashine ya transfoma iliyochakaa, aeleze, au arudie kupima kwa mita ya kubana kwenye waya.

Baada ya joto, chuma chenyewe. "Chuma laini kutoka dukani" hakitoshi. Bamba mbili kutoka duka moja la vyuma zinaweza kutofautiana kaboni na manganizi kiasi cha kubadilisha hadithi yote. Dai uchambuzi wa kemia wa bamba lililochomelewa, si jedwali la kitabuni, kisha kokotoa mwenyewe usawa wa kaboni, namba inayoonyesha jinsi chuma kinavyoelekea kupasuka kikichomelewa. Kwa asilimia: kaboni, jumlisha manganizi iliyogawanywa kwa 6, jumlisha kromiamu, molibdenamu na vanadiamu zikigawanywa kwa 5, jumlisha nikeli na shaba zikigawanywa kwa 15. Kaboni 0.20, manganizi 1.20, kundi la kromiamu 0.10 na la nikeli 0.30 vinatoa 0.44. Hapo mpitiaji ana haki ya kuuliza bamba lilikuwa na unene gani na kama lilipashwa moto kabla ya kazi.

Hali ya hewa pia iandikwe, na hapa kwetu jambo hili lina uzito wake. Elektrodi za haidrojeni kidogo zikifunguliwa Dodoma mwezi Agosti hazinyonyi unyevu kama zikifunguliwa Tanga wakati wa masika. Makala ikisema tu "elektrodi zilikaushwa", haijasema kitu. Kwa E7018, kiwango cha Marekani cha miundo ya chuma, AWS D1.1, kinataka nyuzi 260 hadi 430 za Selsiasi kwa angalau saa 2, kisha tanuri la kuhifadhia lisilopungua nyuzi 120. Vilevile ukaguzi wa nyufa ulifanyika saa ngapi baada ya kuchomelea? Nyufa za haidrojeni huchelewa kujitokeza. Mwandishi anayekagua jioni ileile na kutangaza kwamba mshono hauna ufa hajathibitisha chochote. Kusubiri saa 48 ndiyo desturi.

Majaribio ya nguvu ndiyo yanayofichua mengi. Kipande cha kawaida cha Charpy, jaribio la kuvunja chuma kwa pigo, ni milimita 10 kwa 10 kwa 55, na mkato wa V wa kina cha milimita 2. Mwandishi akisema alichomelea bamba la milimita 6 akatoa vipande hivyo, haiwezekani; ama unene umekosewa, ama vipande vilikuwa vyembamba na thamani zake haziwezi kulinganishwa hivihivi. Vipande viwe vitatu kwa kila hali, na kila thamani ionekane, si wastani peke yake. Ugumu wa Vickers, unaopimwa kwa kukandamiza ncha ya almasi kwenye chuma, uje na mzigo wake, maana HV10 (mzigo wa kilo 10) inafunika eneo kubwa kuliko HV0.5 (nusu kilo), na ukanda ulioathiriwa na joto ni mwembamba. Picha ya hadubini iwe na mstari wa kipimo ndani yake. Maneno "mara 200" hupoteza maana picha inapopunguzwa ukurasani. Na chuma cha pua kilichodaiwa kuonyeshwa muundo kwa nitali (asidi ya nitriki ndani ya alkoholi) ya asilimia 2 kirudishwe na swali, kwa sababu nitali ni ya chuma cha kaboni.

Miswada mingi hupanga majaribio 9 kwa jedwali la Taguchi, mpango wa kupunguza idadi ya majaribio, vigezo vitatu kwa ngazi tatu, kisha hutangaza "vigezo bora". Mpango huo hauwezi kutenganisha namna amperi na mwendo vinavyoathiriana, na kwenye uchomeleaji vinaathiriana sana. Mimi singepitisha hata mmoja usio na mshono wa kuthibitisha uliochomelewa upya kwa vigezo hivyo.

Mswada ukivuka hapo, tafuta wapitiaji wawili wa aina tofauti: mmoja wa metalojia (elimu ya metali), mmoja aliyewahi kusimamia uchomeleaji kiwandani. Omba watano au sita ili upate hao wawili, na uwape wiki tatu. Ili wapitiaji wasimjue mwandishi, futa jina lake kwenye sifa za faili, na angalia nembo ya chuo kwenye picha za mashine. Majina yanayopendekezwa na mwandishi yahakikiwe kwenye tovuti ya taasisi husika. Mwaka 2015 BioMed Central ilifuta makala 43 kwa upitiaji wa kughushi. Wapitiaji wakipingana, usihesabu kura. Soma sababu zao.

Mengine ni makaratasi: ISSN (namba ya utambulisho wa jarida) moja ya chapisho la karatasi na nyingine ya mtandaoni, DOI (anwani ya kudumu ya kila makala) kupitia shirika la Crossref, programu ya kuendeshea jarida ya Open Journal Systems ambayo ni ya bure, na angalau makala 5 za utafiti kwa mwaka kama unataka kuingia DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bila malipo. Tovuti ikihama, anwani za DOI zisasishwe siku hiyo.

Kila makala ibebe pia muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja, wenye jedwali la amperi, volti, mwendo na elektrodi, ili fundi aweze kuuchapa na kuubandika ukutani kando ya mashine.