Panya wa NOD: kabla hujaisifu dawa, kagua kizimba

Panya wa NOD (kifupi cha Kiingereza cha “mwenye kisukari asiye mnene”), ukoo uliopatikana Japani na kutangazwa mwaka 1980, hupata kisukari aina ya kwanza wenyewe, bila kudungwa chochote, ndiyo maana hutumika kujaribia dawa za ugonjwa huo. Kinga yao huanza kuvamia kongosho wakiwa na wiki 4 au 5, ingawa sukari hupanda miezi kadhaa baadaye.

Ukoo safi hupatikana kwa kupandisha kaka na dada vizazi 20 au zaidi, mpaka jeni zao karibu zote zifanane. Hata hivyo, dada wawili wa kizimba kimoja, mmoja ataugua wiki ya 14 na mwenzake azeeke mzima. Hapo jeni pekee hazijibu swali.

Tumia majike. Kwenye banda safi, 60 hadi 80 kati ya 100 huugua kufikia wiki ya 30, ilhali madume ni 20 au 30 hivi. Narudia, banda safi! Maambukizi ya virusi au minyoo huituliza kinga hiyo, na idadi ya wagonjwa ikashuka. Dozi moja tu ya kiambata kamili cha Freund, yaani mchanganyiko wa mafuta na bakteria waliouawa unaoamsha kinga, nayo huzuia ugonjwa. Kwa hiyo ukichanganya dawa yako na kiambata hicho, kundi la kulinganisha lidungwe kiambata kilekile. La sivyo utaisifu dawa kwa kazi isiyo yake.

Pima sukari kila wiki kuanzia wiki ya 10, kwa tone la damu kutoka ncha ya mkia. Kipimo kimoja hakitoshi, maana panya aliyekimbizwa kizimbani hupandisha sukari kwa hofu tu. Subiri vipimo viwili mfululizo vinavyozidi 250 mg/dl. Mara nyingi maranda ya mbao yaliyotandikwa kizimbani hukutangulia kusema: leo umeyabadilisha, kesho yamelowa chapa na chupa ya maji imekauka. Tafuta mgonjwa humo.

Wagawe watoto wa uzao mmoja kwenye makundi yote mawili. Ukiweka kizimba kizima upande wa dawa na kingine upande wa pili, umelinganisha vizimba, si dawa.

Na kama katika kundi lisilopewa dawa wameugua 3 tu kati ya 10 kufikia wiki ya 30, usihesabu upande wa dawa. Peleka kinyesi kikapimwe vimelea kwanza.